Isale kwa Simu

Nilimtoa kaka yangu kwenye kundi la familia kwa sababu simu yake ilikuwa inaharibu picha. Naanza na hilo kwa sababu kwa miezi miwili nilikuwa nalizunguka. Nilielezea habari hii kwa kila aliyeniuliza, kila mara kwa namna yake, na kila mara nikatoka mimi ndiye mtu mwema.

Kundi lilianzishwa na dada yetu Ndeshi, ambaye yuko Marekani mwaka wa kumi na nane sasa. Huko kwao wanatumiana ujumbe wa kawaida wa simu, hawahangaiki na WhatsApp kama sisi. Mkiwa wote mna aifoni mambo ni mazuri: picha inafika kama ilivyopigwa, video inafika nzima, na ukiuwekea moyo ujumbe wa mwenzako anauona moyo umekaa pale pale kwenye maneno yake. Ndeshi alipokuja likizo alituletea aifoni tatu zilizotumika, moja yangu, moja ya mke wangu Agnela, na moja ya kaka Abdiel. Abdiel aliishika, akaigeuza upande huu na huu, akamrudishia akisema ampe mtu mwenye vidole vyembamba. Akabaki na simu yake ya Android, iliyopasuka kioo pembeni na kufungwa mpira kuzuia betri isichomoke. WhatsApp ilishamkatalia zamani. Siku moja ilimwambia simu yake imezeeka, ikajifunga.

Basi yeye akiwemo, kundi zima liligeuka. Ujumbe uliokuwa wa bluu ukawa wa kijani. Picha za Ndeshi zilitufikia zimefifia kama zimepigwa kupitia chandarua, na kwa Abdiel hazikufika kabisa. Ukimwekea moyo, simu yake haikuona moyo wowote, ilipokea ujumbe mpya wa Kiingereza wa kusema kwamba Reginald, yaani mimi, amependa, halafu maneno yake mwenyewe Abdiel yakafuata kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Aliwahi kuandika kwamba ng'ombe wake amezaa salama na anatushukuru kwa maombi. Tukaweka mioyo sote watatu. Jioni akanipigia, sauti yake ya upole ile ile, akauliza kwa nini tunamrudishia maneno yake, amekosea wapi.

Tulicheka, mimi na Agnela. Nasema kweli, tulicheka mpaka tukafuta machozi.

Kesho yake nikafungua kundi jingine la watatu tu. Ndeshi aliuliza mara mbili, je, kaka atapataje habari? Nikamwambia mimi niko Njiro, yeye yuko Usa River, ni mwendo wa nusu saa, na kila jambo nitampigia mwenyewe. Kundi jipya nililipa jina la "Familia".

Ni lazima niseme Abdiel ni nani kwangu. Amenizidi miaka kumi na mitano. Baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la nne, yeye alikuwa msimamizi kwenye shamba la maua pale Usa. Alinichukua kutoka kwetu Machame nikakaa kwake mpaka nikamaliza chuo kikuu. Mkewe, shemeji Magreth, ndiye aliyenifulia nguo zangu za shule. Nilipojenga Njiro, Abdiel alikuja na vipande vya mmea wa isale alivyokata kaburini kwa baba, akavipanda mwenyewe kwenye uzio wangu wa mbele. Wageni wangu husifia yale majani marefu. Wengi hudhani nimeyanunua kwa wauza maua.

Sasa binti yangu Princess alikuwa apate kipaimara Jumapili ya pili ya Desemba. Tarehe hiyo Abdiel aliijua tangu Julai, na tangu Julai alikuwa ameshamtenga mbuzi wa sherehe na kumlisha ndani. Tena ndiye aliyekuwa akate nyama. Kwetu nyama ya sherehe haigawiwi ovyo, kila kipande kina mwenyewe, na kidari kilikuwa cha Abdiel tangu baba alipotutoka.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mchungaji akatangaza kwamba ibada ya kipaimara imewahishwa kwa wiki moja, kwa sababu mkuu wa jimbo angekuwa safarini. Niliandika kwenye kundi pale pale nikiwa nimekaa kwenye benchi la kanisa. Ndeshi akaweka moyo. Agnela, aliyekuwa amekaa ubavuni kwangu, akaweka moyo. Nikaiona mioyo miwili, nikarudisha simu mfukoni nikijua familia yote imeshapata habari.

Siku ya sherehe, saa saba mchana, watu wamejaa uani na muziki umewashwa, Agnela alinifuata penye makreti ya soda akaniuliza mbona kaka mkubwa hajafika. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikumpigia kumwambia tarehe mpya. Nilimpigia mara tano, hapatikani. Walioniuliza niliwaambia kaka ana malaria. Mchinjaji wa kukodi alipouliza kidari akipeleke wapi, nikamwelekeza kwenye meza ya bosi wangu.

Mtu mwenye akili angempigia usiku ule ule. Mimi nilisema nitampigia Jumatatu. Jumatatu nikaanza kutunga maneno, nikaona hayajakaa vizuri, nikasema kesho. Jumatano nikaamua kwamba jambo kama hili halifai kwa simu, heri niende mwenyewe Jumapili mchana na kipande cha keki. Nilijisifu kwa uamuzi huo. Keki nikaiweka kwenye friji.

Jumapili saa tatu asubuhi nilikuwa getini kwangu na bukta, naosha gari, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikaja kikasimama. Mbele aliketi shemeji Magreth amepakata ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyofunikwa jani la mgomba. Nyuma alisimama Abdiel na suti yake ya kahawia, suti ya harusi na misiba, ameshika kamba ya mbuzi mweupe aliyeogeshwa. Juu ya geti letu maputo ya wiki iliyopita yalikuwa bado yananing'inia, yamesinyaa.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba." Akayatazama maputo, akanitazama mimi na bukta yangu. "Tumechelewa?"

Magreth alishaelewa. Aliinamisha kichwa akawa anapanga lile jani la mgomba juu ya ndoo, ingawa lilikuwa limekaa sawa. Nikasema siku ilisogezwa. Abdiel akauliza mpaka lini. Nikamwambia mpaka Jumapili iliyopita, na nilipokuwa nasema hivyo maji ya mpira yalikuwa yananimwagikia miguuni, nikayaacha.

Hakusema neno baya. Angesema, ningejitetea. Princess alitoka mbio kumsalimia, naye akamwekea mkono kichwani, akamwombea maneno machache kwa Kimachame, kisha akamkabidhi kamba na kumwambia mbuzi ni wake. Akamuuliza kama walipiga picha.

"Nyingi sana, baba mkubwa. Na gauni, na cheti, na mchungaji."

"Baba yako atanitumia," Abdiel akasema.

Nikaitikia haraka kwamba nitamtumia leo leo. Niliwasihi waingie japo wanywe chai, wakakataa kwa adabu. Dereva wa kirikuu hakuwa hata amezima injini. Waliondoka na mbege yao, maana mbege haiwezi kungoja sherehe nyingine, na Magreth akaipakata vile vile njia yote ya kurudi.

Picha sikutuma. Sikuikataa ahadi, niliisahau tu. Nilikuwa nimejaa aibu yangu mwenyewe, na mtu aliyejaa aibu hana nafasi ya kitu kingine. Nilikuwa nikilala nayaona yale maputo. Mbuzi alifungwa kando ya banda la gari, akawa analia asubuhi na jioni, majirani wakaanza kuuliza, na mimi sikuwa na uso wa kumchinja wala wa kumrudisha.

Siku ya nne nikapata wazo. Kwetu Wachaga ukimkosea mtu sana, unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Huhitaji hotuba. Aliyepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe, na akikataa, kosa linahama linakwenda kwake, ukoo mzima unamtazama yeye. Na aliyelipeleka hafuatilii kuuliza limepokelewaje, anangoja. Nikaenda uzioni nikakata jani moja refu, katika yale yale aliyoyapanda Abdiel. Nikalifunga fundo. Na hapo, badala ya kuwasha gari kwenda Usa River, nikalilaza juu ya kitambaa cheupe cha Agnela, barazani, nikachukua simu.

Nilipiga picha kumi na moja. Nilichagua ile ambayo jani limetokeza kila mstari na nyuma kumefifia vizuri, mpaka mbuzi anaonekana kama wingu. Nikaandika chini, "Kaka, nimekosa," nikaituma kwa namba yake kama ujumbe wa kawaida, kwa kuwa WhatsApp hana. Ikaenda, ya kijani. Simu haikusema imefika wala haikusema haikufika. Agnela alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Akaniambia isale hupelekwa kwa mkono. Nikamjibu kwamba mambo yamebadilika, hata sadaka siku hizi tunatuma kwa simu.

Ukweli niliujua. Nilituma picha kwa sababu picha haina macho ya kutazamwa.

Nikangoja. Zikapita siku tatu, ikapita wiki, tukala Krismasi bila kwenda Machame, nikisingizia kazi, ikapita wiki ya pili. Abdiel kimya. Na katika ule ukimya kitu fulani kikaanza kunigeukia moyoni, na ninakiri kilikuwa kitamu. Nikaanza kukasirika. Isale limekwenda, na mtu amenyamaza. Mimi niliyejishusha! Hasira ilinipumzisha kuliko usingizi, kwa sababu mwenye kosa sasa hakuwa mimi. Nikaandika kwenye "Familia" kwamba Abdiel amepelekewa isale na amekataa. Sikuandika kwamba lilipelekwa kwa picha.

Ndeshi hakuweka moyo. Huku akilia alimpigia simu baba mdogo Arnold, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu hapa Arusha. Kukataa isale si jambo la kunyamaziwa, na Arnold hakulinyamazia. Jumapili ya pili ya Januari, siku ya kikao cha ukoo nyumbani kwake Sekei, aliwaita wote, akanitaka mimi niwepo na Abdiel awepo.

Tulikuwa watu kama kumi na wanne sebuleni. Abdiel alikuja na ile suti ya kahawia, akakaa karibu na mlango. Alinisalimia, nikamwamkia, tukatazama vikombe vyetu. Baada ya sala Arnold hakuzunguka. Akamuuliza mbele ya wote kama ni kweli alipelekewa isale na mdogo wake akalikataa.

Abdiel alitutazama mmoja mmoja. Niliona kwamba hajaelewa, kisha nikaona anaanza kuelewa kwamba amepata sifa hiyo kwa ndugu zake wote, na hakujua tangu lini. Nadhani hapo ndipo alipoelewa ni kwa nini pale mlangoni shangazi mmoja hakumpa mkono.

"Sijaona isale," akasema. "Nani aliyeleta?"

Arnold akanigeukia. Nikatoa simu yangu, nikafungua picha, nikampa. Ilizunguka mkono kwa mkono sebule nzima. Ilikuwa picha nzuri, mtu mmoja hata alisema hivyo, halafu akajuta. Ilipomfikia Abdiel aliikodolea macho muda mrefu, akaisogeza mbali na kuirudisha karibu, kama mtu anayesoma bila miwani. Kisha akafungua mpira wa simu yake, akafungua ujumbe, akampa Arnold.

Arnold alivaa miwani akasoma kwa sauti. Kulikuwa na namba yangu, tarehe, saa, na chini yake, bila maneno yangu, kiboksi kitupu kilichoandikwa kwamba ujumbe wa picha haujapakuliwa, bonyeza hapa. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, sote tukakingoja. Imeshindikana.

"Ndivyo inavyofanya," Abdiel akasema. "Nimebonyeza kila siku. Nilinunua bando, nikapanda mpaka barabarani kwenye mtandao. Nikampelekea fundi wa pale Usa, akasema simu yangu haiwezi kuipokea na hata ingeweza, muda wake umekwisha. Nikaona nisimsumbue Reginald, ana kazi nyingi." Akanitazama, bila hasira yoyote, na hilo ndilo sitalisahau. "Nilidhani ni picha ya mtoto. Ile uliyoniahidi, ya kipaimara."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nimesikia watu wakisema hivyo maisha yangu yote na kumbe ni matakwa ya kweli kabisa, unaitazama sakafu na kuingoja. Shangazi aliyekataa kumpa Abdiel mkono aliinuka, akavuka sebule, akaenda kumpa mikono yote miwili. Arnold alinirudishia simu yangu akiwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Ulikuwa na miguu," akaniambia. "Kesho utaitumia."

Kesho yake niliomba ruhusa kazini. Alfajiri nilikata isale jingine, nikalifunga fundo, nikaliweka kiti cha mbele peke yake. Njia nzima nilijisemea maneno. Nilipanga nianze na kundi, nifuate na tarehe, nimalizie na ule uzushi nilioueneza, nisifiche hata kimoja. Abdiel nilimkuta bandani anawawekea mbuzi majani. Nikalishika lile jani kwa mikono miwili, nikainama, na maneno yote yakanikimbia. Nikasema tu, "Kaka."

Alijifuta mikono kwenye suruali, akalipokea. Hakuningojesha hata pumzi moja. Akasema yamekwisha, akaingia ndani akalichomeka juu ya mlango, mahali ambapo kila aingiaye ataliona, akamwita Magreth alete chai. Nikakaa kwenye kochi lile lile nililokuwa nalalia nikisoma sekondari. Nilijisikia mwepesi. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitakavyomweleza Ndeshi.

"Haya," Abdiel akasema akivuta kiti karibu, uso wake umefunguka kama wa mtu aliyesubiri kwa subira kubwa. "Sasa nipe picha ya mtoto."

Sikuwa nayo. Nilikuwa nimepita mbele ya studio za kusafisha picha, hapo Usa kwenyewe ziko mbili, na wazo halikunijia. Nilikuja na msamaha wangu, wa kunitoa mimi kwenye shida yangu. Kitu pekee alichowahi kuniomba sikukibeba.

Nikatoa simu. Nikamfungulia picha ya Princess na gauni jeupe, cheti mkononi. Abdiel aliipokea kwa viganja vyote viwili, akamwita Magreth, wakaketi bega kwa bega. Walianza na viatu vyake. Magreth akasema miguu ni ya mama mkwe. Abdiel akasema hapana, na wakaanza kubishana taratibu, na walipokuwa wanabishana kioo kikazima.

Aligusa, haikuwaka. Akagusa tena kwa kile kidole chake kinene. Nikamweleza kwamba simu hii haifunguki mpaka inione mimi.

"Inataka uso wako?"

"Ndiyo, kaka."

Akaniinulia simu mbele ya uso wangu, akaishika hapo, akingoja. Nami nikaikabili, na nyuma yake nikamwona yeye ananitazama. Ikafunguka. Akashukuru, akarudi kwa mtoto. Baada ya muda ikazima tena, akaniinulia tena. Ningeweza kuizuia isizime, ni kubonyeza mahali pamoja tu kwenye mipangilio, lakini sikubonyeza. Chai ilipoa. Kila ilipozima kaka yangu aliniletea mbele ya macho, nami kila mara niliinua uso nikamwonyesha.